Sola Huuzwa kwa Paneli, Hufia kwenye Betri

Mtu anaponunua mfumo wa umeme wa jua kwa ajili ya nyumba yake, mazungumzo na muuzaji huwa karibu yote juu ya paneli: ni za wati ngapi na dhamana yake ni ya miaka mingapi. Mimi nilinunua hivyo hivyo. Nilipoambiwa kwamba paneli zitadumu miaka 25, nilielewa, kama wanunuzi wengi wanavyoelewa, kwamba mfumo mzima utadumu miaka 25. Paneli zenyewe, kusema kweli, hazinisumbui. Uwezo wake hupungua kwa takriban nusu asilimia kwa mwaka, hazina kitu kinachozunguka wala kusagika, na zaidi ya kuzifuta vumbi asubuhi kioo kikiwa bado baridi, na kuondoa upesi kinyesi cha ndege kinachofunika seli, hazidai kitu. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumiwa na vyombo vya nyumbani, hudai kidogo zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zinazochoshwa na joto, na aliyeitumia miaka 10 au 15 bila kuibadilisha hana la kulalamika. Mdai mkubwa ni betri, na maoni yangu ni kwamba betri nyingi za nyumbani hazifi kwa uzee, bali huuawa na sisi tunaozimiliki, tena tukidhani tunazisaidia.

Kinachoziua kwanza ni kutojaa. Betri ya risasi na asidi inayokaa siku nyingi bila kujaa hujenga fuwele za salfeti juu ya sahani zake, yaani vibamba vya risasi vilivyo ndani. Mwanzoni fuwele hizo huyeyuka betri inapochajiwa, lakini zikiachwa hugeuka kuwa gamba gumu lisilotoka, na sehemu ile ya sahani haifanyi kazi tena. Sasa tazama tunachofanya umeme unapoanza kuishia usiku wa manane: tunaongeza betri. Nami niliongeza. Nilikuwa na betri tatu za miaka mitatu zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nikaunganisha nazo ya nne iliyo mpya kabisa, huku paneli zikibaki zile zile. Jua lililokuwa likizitosha tatu kwa shida likawa halizijazi nne hata siku ya anga safi, na usiku ile mpya ikawa inazimiminia chaji zile chakavu ambazo volti zake zilishuka mapema. Mwaka haukuisha kabla betri mpya haijawa dhaifu sawa na wenzake. Fundi hakunionya, nami sikumwuliza. Leo naamini kwamba katika nyumba nyingi zenye shida ya aina hii, fedha ya betri moja ingefaa zaidi ikinunua paneli nyingine, mradi kidhibiti chaji, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, kinaweza kuibeba, kwa sababu betri chache zinazojaa kila siku huishi kuliko nyingi zisizojaa kamwe.

Baada ya hasara hiyo ndipo nilipoanza kuweka daftari. Kila alfajiri, kabla jua halijagusa paneli, huzima inveta kwa nusu saa hivi ili betri ipumzike, kisha huweka ncha za kipimo cha volti juu ya vichwa vya betri na kuandika namba ninayoiona. Kwa betri ya volti 12 ya risasi na asidi, 12.7 ni iliyojaa, 12.2 ni nusu hivi, na ukikuta chini ya 12 ujue usiku ule umekula mtaji wala si faida. Wapo wanaoniona mwenye wasiwasi kupita kiasi, lakini taa za rangi kwenye kidhibiti chaji hazisemi ukweli wote: taa ya kijani huwaka mchana paneli zinaposukuma volti juu, hata kama betri yenyewe imekwisha uwezo.

Daftari ndilo lililonionyesha tatizo ambalo macho yasingeliona. Kwa wiki tatu namba ilishuka kutoka 12.5 hadi 12.3, ingawa matumizi yalikuwa yale yale na mawingu hayakuwapo. Nikafungua mfuniko wa sanduku la betri. Nati ya upande wa chanya ilikuwa imelegea kiasi cha robo mzunguko tu, chini yake pamejaa unga wa kijani na mweupe, na ganda la waya karibu na kiungo lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia na kunywea kidogo, kama plastiki iliyosogezwa karibu na moto. Kiungo kilicholegea huzuia mkondo, na mkondo uliozuiwa hugeuka joto. Kwa hiyo nilikuwa napoteza chaji na kukaribisha moto kwa wakati mmoja. Nilitenganisha mfumo, nikasugua kwa brashi hadi chuma kikang'aa, nikakata kipande cha waya kilichoungua, nikakaza, nikapaka grisi. Kazi yote haikufika saa moja.

Jambo la pili ambalo sikulitarajia ni inveta isiyofanya kazi yoyote. Inveta inayokula wati 25 ikiwa imewashwa tu, hata bila taa moja, humaliza wati-saa 300 katika usiku wa saa 12. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 (12 mara 100), na kama unaiheshimu hutoi zaidi ya nusu yake, yaani 600. Nusu ya haki yako ya usiku imeliwa na kisanduku kinachosubiri. Tulikuwa tukigombana nyumbani juu ya taa ya ukumbini ya wati 5, huku mlaji mwenyewe yuko ukutani ananguruma taratibu.

Najua watakaosema dawa ya yote haya ni kuhamia betri za lithiamu, na kwa sehemu wako sahihi. Zile za lithiamu na fosfeti ya chuma huvumilia maelfu ya mizunguko ya kujazwa na kutumiwa, hukubali kutolewa sehemu kubwa zaidi ya chaji yake, na haziumizwi na kukaa nusu. Hata hivyo hazisamehe joto kali, hazitakiwi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri, nazo hazirekebishi kosa la fundi aliyeacha nati imelegea. Kwazo daftari la volti halisaidii sana, kwa kuwa volti zake hukaa karibu palepale hadi zinapokaribia kuisha. Hapo inafaa kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Mimi bado niko na zile za risasi, tatu sasa, zote za umri mmoja, pamoja na paneli moja zaidi juu ya paa. Mwishoni mwa kila mwezi huongeza maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini, kamwe si ya bombani, hadi sahani zifunikwe, madirisha yakiwa wazi kwa sababu betri zinazochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Leo alfajiri, baada ya siku mbili za mawingu, kipimo kilisoma 12.3, na pasi imebaki kabatini.