Ofisi za Nyanda za Juu Kusini: Zibomolewe au Zitengenezwe?

Mjadala wa kupunguza matumizi ya nishati katika majengo ya ofisi huishia mara nyingi kwenye kiyoyozi, taa na ankara ya umeme. Kwa Dar es Salaam hoja hiyo ina uzito wake. Kwa Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, ambako Juni na Julai watumishi huingia kazini wamevaa masweta, ni lazima ipimwe upya. Hata hivyo imeshazoeleka kusikia kwamba ofisi za zamani zinakula umeme, kwa hiyo zibomolewe zipishe majengo ya kisasa, na anayehoji jambo hilo huonekana mtu wa kung'ang'ania ukale. Kwa maoni yangu, huyo anayehoji hajasikilizwa ipasavyo.

Nishati ya jengo haianzi kutumika siku ya kukata utepe. Ili saruji ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa hadi kufikia joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, katika tanuri ambazo aghalabu huendeshwa kwa makaa ya mawe au gesi. Saruji angalau tunayo karibu, kwa kuwa kiwanda kipo Songwe. Lakini vioo na alumini vinavyoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 800 kwa malori yanayopanda mlima Kitonga kwa gia ndogo. Nishati hiyo yote huwa imekwisha kutumika kabla taa ya kwanza haijawashwa, na hakuna swichi ya kuirudisha.

Wanaotetea ujenzi mpya hujibu kwamba sehemu hiyo ni ndogo, na wana ushahidi. Uhakiki uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya taarifa za majengo 73 ya makazi na ofisi katika nchi 13, ulionyesha kwamba matumizi ya kila siku huchukua kati ya asilimia 80 na 90 ya nishati yote ya maisha ya jengo, na vifaa na ujenzi huchukua asilimia 10 hadi 20. Takwimu hiyo ni sahihi, ila haipaswi kuhamishiwa Mbeya kama ilivyo. Tuchukulie jengo ambalo ujenzi wake umechukua sehemu 15 na matumizi sehemu 85. Ukiondoa nusu ya matumizi kwa sababu tu hali ya hewa haidai kiyoyozi, zile 15 zinakuwa zaidi ya robo ya jumla mpya. Kadiri mahali panavyodai umeme mchache wa kupoza au kupasha joto, ndivyo uzito unavyohamia kwenye nondo na zege.

Kuna takwimu nyingine ambayo ingefaa kuwekwa mezani kila mara hati ya kubomoa inapojadiliwa. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani iitwayo National Trust for Historic Preservation ilitoa utafiti uliobaini kwamba jengo jipya linalotumia nishati pungufu kwa asilimia 30 kuliko jengo la kawaida lililopo huhitaji kati ya miaka 10 na 80 kufidia madhara ya ujenzi wake kwa tabianchi. Ni kweli kwamba kazi ya taasisi hiyo ni kutetea majengo ya kale, na msomaji makini atalizingatia hilo. Lakini miji iliyochunguzwa ni pamoja na Phoenix, mji wa jangwani usioishi bila kiyoyozi, na Chicago yenye baridi ya theluji, ambako kila asilimia inayookolewa ni nyingi. Kwetu cha kuokoa ni kidogo. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya umeme wetu sasa inatokana na maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, kwa hiyo hewa ya ukaa inayoepukwa kwa kila uniti nayo ni ndogo. Sababu zote mbili zinausogeza muda wa kufidia mbele zaidi.

Upande wa pili una mambo ambayo hayapuuziki. Jengo lenye paa la asbesto, nyaya zilizochakaa na ngazi zisizopitika kwa kiti cha magurudumu haliwezi kutetewa kwa hesabu za saruji peke yake. Tena ofisi nyingi zitakazohitajika Mbeya na Iringa bado hazijajengwa, kwa hiyo kulinda yaliyopo hakumalizi kazi.

Ila hayo mapya yanajengwaje? Ofisi yenye ukuta wa vioo unaotazama magharibi inajulikana ilivyo. Ikifika saa tisa alasiri jua limejaa mezani, mapazia yanashushwa, mengine yakisaidiwa kwa karatasi za manila zilizobandikwa kwa gundi, kisha taa zinawashwa mchana kweupe. Baadaye kinanunuliwa kiyoyozi. Ukilaza jengo hilohilo ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, madirisha ya kaskazini hupokea jua la Juni wakati wa baridi, na Desemba, jua linapokuwa karibu utosini, upenu mfupi unatosha kuleta kivuli. Mabadiliko hayo hufanyika kwenye ramani, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa.

Tofali la kuchoma, tunalojivunia huku, nalo lihesabiwe kwa haki, kwani kuni za tanuri lake hutoka kwenye miti yetu. Palipo na udongo unaofaa, tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, halihitaji kuni. Kwa paa, mbao za Sao Hill zipo Mufindi hapo hapo, na sioni sababu ya kukimbilia chuma kwenye ofisi ya ghorofa moja.