Gramu 30

Mimi kazi yangu ni mizani. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba, nakaa kwenye ghala la chama cha msingi napima magunia, na kila mkulima anayeshusha mzigo wake ananitazama kama mwizi aliyekabidhiwa funguo. "Karani, hiyo mizani yako leo haijanywa chai?" Nimezoea. Miaka kumi na moja natukanwa kwa ajili ya nusu kilo. Kwa hiyo mtu asije akasema mimi ni mgeni wa vipimo, na ndiyo maana kilichonipata na lile boksi la chakula cha asubuhi kinaniuma mara mbili.

Kisa kilianza na kitambi. Daktari alinifunga ule mpira mkononi, akaupuliza, akatazama, akanitazama mimi, akaupuliza tena. Akaniambia presha yangu ni ya mtu anayedaiwa. Nikamwambia nadaiwa kweli. Akasema hata hivyo, nifanye mazoezi.

Basi nikajiunga na jogingi. Kundi letu linaanzia uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara mjini, saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi na Jumapili, filimbi mbele, mchakamchaka katikati, na mimi nyuma, sambamba na mama mmoja muuza vitumbua na mbwa asiye na mwenyewe. Mbwa aliacha wiki ya pili.

Kocha wetu ukocha hakuusomea popote. Ana filimbi na raba za rangi ya ndimu, yatosha. Siku moja ananikuta nahema pale Shangani, mikono kiunoni, natazama bahari kama nasubiri jahazi. "Mzee, asubuhi unakula nini?" Nikamwambia: uji wa ulezi, na muhogo ukipatikana. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ndiyo maana unakimbia kama umebeba gunia. Wakimbiaji wa siku hizi wanakula siriali." Neno lenyewe analitoa mdomoni kwa uangalifu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki.

Nikaenda duka kubwa la mjini, lile lenye kiyoyozi. Boksi la siriali, vile vipande vikavu vya mahindi vya kumiminia maziwa, nikaliona kwa mbali. Limechorwa kijana anakimbia, misuli ya miguu imejikata, jua linachomoza nyuma yake, mbele bakuli na maziwa yanaruka hewani. Mimi nikiona maziwa yanaruka hewani nawaza nani atapiga deki, lakini siku hiyo sikuwaza. Nikalipa shilingi 14,500.

Mama Zuhura akalipokea, akalipima kwa mkono, halafu akalitingisha sikioni. "Baba Zuhura, hili ndani yake kuna nini?"

"Chakula cha wakimbiaji."

"Kiko wapi?"

Limeandikwa gramu 375. Nikapiga hesabu kichwani, ndiyo kazi yangu: ni zaidi ya shilingi 38,000 kwa kilo. Mkulima angekuwa anauza korosho kwa bei hiyo, Newala nzima ingekuwa maghorofa. Na boksi ukilifungua unakuta mfuko, na mfuko umejaa hadi nusu, nusu nyingine ni hewa ya kiwandani. Nimenunua hewa. Mimi, mtu wa Mtwara, ninayeishi hatua mia tano kutoka baharini, nimenunua hewa ya boksi.

Asubuhi nikajaza bakuli langu la uji. Nikamimina maziwa, na kwa mazoea nikaongeza sukari vijiko viwili. Kelele zake ukitafuna, watoto waliamka wakadhani panya yuko darini. Tamu, sikatai. Tamu kweli. Saa moja nimekula, saa mbili nipo kazini mwepesi, najiona kijana wa kwenye boksi. Saa tatu tumbo likaanza kuuliza. Saa nne kasoro nilikuwa nimechuchumaa kwa mama wa ming'oko karibu na geti la ghala.

Sasa ming'oko, kwa asiyeijua, ni viazi vyetu vya porini, vyembamba, vimepinda kama vidole vya mzee. Vinachemshwa, vinapangwa mafungu juu ya ungo. Unakishika kimoja, unamenya ganda kwa kucha, linatoka kama utepe, ndani cheupe kina mvuke, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Nilikula mafungu matatu. La nne yule mama akaniuliza taratibu, "Karani, si ulisema uko kwenye dayati?"

Hivyo kwa siku tatu. Nikila boksi saa moja, saa nne niko kwenye ungo. Nikawa nalipia kifungua kinywa mara mbili.

Mzee mmoja barazani kwetu alinipa yangu. "Wewe ntu nzima, unakula maganda! Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, hapa Ntwara nani alikuwa na boksi hilo?" Nikamwambia Bayi hakuwa mtu wa Mtwara. Akasema ndiyo maana yeye alikuwa na mbio.

Aliyenifungua macho ni binti wa kaka yangu, anasomea lishe, alikuja likizo. Akaligeuza boksi. Mimi siku zote nilikuwa naangalia upande wa kijana mwenye misuli, kumbe maneno yako ubavuni, kwa maandishi ya ukubwa wa mayai ya sisimizi. "Baba mdogo, hapa wameandika mgao mmoja ni gramu 30. Wewe unakula ngapi?"

Sikumjibu. Nilichukua bakuli na boksi, nikaenda kwa muuza viungo ana mizani ndogo ya kupimia iliki. Gramu 30 ni kiganja kimoja. Ukimimina kwenye bakuli langu hazifichi hata ua lililochorwa chini. Kisha nikamimina kama ninavyomimina kila siku. Gramu 90. Watu watatu! Kila asubuhi nilikuwa nakula watu watatu na bado saa nne naona njaa. Sisi huku kangomba tunaijua, mtu anakupimia korosho kwa bakuli badala ya mizani. Mimi nimepigwa kangomba mezani kwangu, na bakuli lilikuwa la kwangu.

Binti akaendelea, na hapo ndipo sukari ilipotajwa: gramu 28 kwa kila gramu 100. Kwa bakuli langu ni kama gramu 25, vijiko vya chai sita. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akiweza asizidishe kama hizo hizo 25 kwa siku. Mgao wangu wa siku nzima umekwisha saa moja asubuhi, kabla sijahesabu vile vijiko vyangu viwili vya mazoea.

"Na mahindi yenyewe," akasema, "yamekobolewa. Pumba imetolewa, kiini kimetolewa, umebaki wanga. Wanaupika, wanaupiga roli hadi uwe bapa, wanauchoma, halafu vitamini na madini ya chuma wanayarudisha kiwandani."

Yaani sembe! Mimi nyumbani kwangu napigania dona miaka yote, napeleka mahindi mashineni mwenyewe nisimamie yasikobolewe, halafu naenda kununua sembe ya kuchoma kwa shilingi 38,000 kilo. Pumba kuku wangu wanakula bure.

Eti chanzo chake ni Marekani, mji wa Battle Creek, miaka ya 1890, kwenye nyumba ya matibabu ya daktari mmoja John Harvey Kellogg. Chakula cha wagonjwa. Mdogo wake Will Keith akafungua kiwanda mwaka 1906, akataka kutia sukari, kaka hataki, undugu ukaingia shubiri. Sisi huku ndugu wanagombana kwa mikorosho, angalau mkorosho una kivuli.

Nikatupa boksi? Hapana, 14,500 haitupwi. Nililiweka juu ya kabati, nikaapa kurudi kwenye chakula cha watu. Na hapo nikafanya ujinga wa pili, ambao naomba ubaki kati yetu. Siku ya mbio za kilomita 10, kwa hasira, saa kumi na moja alfajiri nilikula mihogo na mbaazi za nazi. Sahani mbili. Nikajiambia leo watajua.

Walijua. Kufika kilomita ya tatu mbaazi zilianza mkutano. Ya tano zikapitisha azimio. Wenzangu wanaelekea Shangani, mimi natazama kushoto na kulia, si ushabiki, natafuta choo. Nilibisha hodi nyumba ya watu nisiowajua, nimevaa namba kifuani. Mama mwenye nyumba, Mungu amlipe, hakuuliza swali, alinipa ndoo ya maji na kuelekeza kwa kidole. Nilipotoka muuza vitumbua alikuwa ameshamaliza na amevaa medali.

Binti wa kaka alicheka hadi akakaa chini. "Baba mdogo, siku ya mbio ndiyo siku ambayo lile boksi lingekufaa! Halina makapi mengi, linatoka tumboni haraka, wanga wake unaingia kwenye damu upesi. Kidogo, saa mbili kabla. Uji wa ulezi na dona ni wa siku nyingine zote."

Kwa nini watu hawasemi mapema? Kwenye boksi wana nafasi ya kuchora jua, hawana nafasi ya kuandika mstari huo?

Basi Jumapili hii tunakimbia tena. Mama Zuhura kaazima mizani ya yule muuza viungo. Kaiweka mezani, kamimina kwa ncha ya vidole, kipande kimoja kimoja, kafika gramu 31, kakitoa kimoja. Kanisogezea bakuli.

Nikainama nikalitazama. Ua la chini linaonekana lote, na majani yake.

"Mama Zuhura," nikamwambia, "hiyo mizani imechezewa."

"Karani," akasema, anafunga boksi, "anayefuata."