Pete Iliyomshinda Ben Grimm

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, runinga ikionyesha ile filamu ya mashujaa, Fantastic Four ya 2005. Ikafika pale kwenye daraja la Brooklyn: mchumba wa Ben Grimm, shujaa aliyegeuka mwili wa mawe, anavua pete, anaiweka chini, anaondoka zake. Ben anainama kuiokota kwa vile vidole vya mawe, na pete inamshinda. Saluni nzima ikaangua kicheko. Baadaye akatokea Alicia, na jamaa wa kiti cha pili akasema: "Afadhali huyo kipofu. Mwenye macho nani angemtaka?"

Wembe ulikuwa shingoni, sikuweza kumjibu. Namjibu leo.

Alicia Masters ni mchongaji. Yumo katika katuni zilizozaa filamu hiyo tangu 1962, na sura za watu huzisoma kwa viganja. Wenye macho humwona Ben kwa mbali, wakashtuka, wakampisha njia. Alicia ameupapasa uso ule ufa kwa ufa, anajua kila jiwe limekaa wapi. Kama kuna mtu anayemjua Ben alivyo, ni huyo mwanamke. Kusema kampenda kwa sababu haoni ni kumtukana yeye na kazi ya mikono yake. Walioana 2018, na mimi mtu mzima nililia.

Tena msiniambie habari za uzuri wa moyo. Ben mwenyewe haimfariji hata kidogo. Tangu toleo la kwanza la katuni, la mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, Novemba 1961, ni mtu mwenye kinyongo, na ana haki. Yeye ndiye rubani aliyeonya kuhusu mionzi ya angani, akaitwa mwoga, akarusha chombo. Wenzake watatu walirudi na nguvu wanazoweza kuzificha wakitaka. Yeye jiwe halimtoki. Hununa, huvunja vitu, hugombana na Johnny, mmoja wa wenzake hao (ugomvi ambao, nakiri, wakati mwingine unachosha). Lakini hatari ikija, yuko mbele, na kinyongo chake hajakimaliza. Hicho ndicho kinachonirudisha kwake kila mara.

Toleo la 51, la 1966, linaanza na ukurasa mzima wa Ben kasimama kwenye mvua. Hakuna ngumi wala adui. Angalieni mabega yake tu.

Kirby alizaliwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa Kiyahudi wa mitaa ya maskini ya New York, naye akamfanya Ben mzaliwa wa mitaa hiyohiyo. Ila Uyahudi wa Ben haukutajwa waziwazi hadi hadithi ya 2002, anaporudi kwa mzee mwenye duka la rehani ambaye yeye Ben alimwibia utotoni. Mzee anamuuliza kama anaona aibu kuwa Myahudi. Ben anasema hapana. Hakutaka tu watu wadhani Wayahudi wote ni mazimwi kama yeye.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mjomba wangu aliungua uso kwa jiko la mafuta ya taa kabla sijazaliwa. Kila harusi ya ukoo aliomba yeye ashike kamera, nasi tukamsifu kwa kupenda kujitolea. Albamu za nyumbani zimejaa watu aliowapanga vizuri, akawasogeza kwenye mwanga. Yeye hayumo hata katika picha moja.