Buyende: kinu kikubwa au vidogo? Tupige hesabu kwanza

Kila stori ya kituo cha stima ya nyuklia kinachopangwa Buyende, hapa Uganda, ikitoka watu wanakimbilia ajali ya Chernobyl. Hilo halininyimi usingizi, kituo cha nyuklia cha Koeberg kule Afrika Kusini, karibu na Cape Town, kinazalisha stima tangu 1984 na mji upo pale pale. Mimi shida yangu ni saizi. Mpango wa mwanzo wa serikali ulikuwa megawati 1,000 kwanza, halafu zifike 2,000, na mtu akitaja vinu vidogo, hivi vya megawati 300 kushuka chini, anachekwa eti hizo ni toi.

Hebu tupige hesabu. Mainjinia wa gridi, yaani mtandao wa stima wa nchi, wana kanuni, hata IAEA, shirika la kimataifa la nyuklia, wanaitaja, kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi yote. Kwa sababu kinu kikihisi hitilafu kinajizima chenyewe papo hapo, na gridi lazima izibe hilo pengo ndani ya sekunde, ikishindwa mitambo mingine nayo inajitoa mmoja mmoja mpaka nchi yote giza. Angalia bwawa letu la stima la Karuma, ni megawati 600 lakini ni tabaini sita za 100, moja ikikataa tano zinaendelea. Sasa sisi jioni, watu wote wamewasha, tunavuta kama megawati 1,000 na kitu, halafu tuweke kinu kimoja cha 1,000?? Na kinu kikishazima bado kinataka stima ya kupoza mafuta yake ya nyuklia, si ndiyo iliyokosekana kwenye ajali ya Fukushima, Japani, 2011.

Haya, wanaotaka kikubwa nao wana lao. Matumizi yatapanda, na gridi yetu imeshikana na Kenya, kwa hiyo pengo tunaligawana, hapo wana pointi. Pia vidogo vinavyofanya kazi ni vya kuhesabu, Urusi wana cha kuelea pale Pevek tangu 2020, China wana Shidao Bay, na Marekani mradi wa kampuni ya NuScale, uliokuwa ujengwe Idaho kwa ajili ya mashirika ya stima ya Utah, ulifutwa 2023 baada ya bei kupanda. Lakini bei inapanda kwa vikubwa pia jamani! Kituo cha Vogtle kule jimbo la Georgia, Marekani, vinu viwili vikubwa vipya, zaidi ya dola bilioni 30 na kuchelewa miaka saba, na hao ni watu wenye uzoefu wa miaka mingi.

Kanada wanajenga kimoja cha megawati 300 pale Darlington. Mimi ningengoja hicho kiwake nione bili yake, na wakati tunangoja tuongeze laini za kwenda Kenya na Tanzania, maana hizo tutazihitaji tu hata tukichagua kikubwa.