Nimeenda kula, nimepangiwa zamu ya jikoni

Mi sijui wenzangu mnaokaa huku Houston mnafuata nini mgahawani, maana mi nikitoka kazini naenda ili mtu anipikie, nile, niondoke. Sa shemeji yangu akanikokota mpaka Bellaire, ule mtaa ambao hata vibao vya barabara vimeandikwa Kivietnamu, Wavietnamu wenyewe walianza kuja huku Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka vitani 1975. Akasema leo unakula pho shem, acha ubishi.

Pho ikaja. Bakuli la kutosha ukoo, tambi za mchele, supu inafuka moshi, na pembeni kisahani cha nyama ya ng'ombe MBICHI. Nyekundu kabisa! Namwita dada, dada hii bado, anacheka anaenda zake. Shem anasema zamisha humo, inaivia humo humo. Na kweli vipande ni vyembamba unaviona vinabadilika rangi, haya. Sijapumua ikatua sahani ya majani, rehani yenye vijiti vyake, choroko zilizochipua, pilipili mbichi, ndimu. Chambua mwenyewe, kamua mwenyewe, sosi zipo mezani changanya mwenyewe. Nikauliza kwani mpishi kaenda msibani?

Ila supu, jamani. Wanachemsha mifupa masaa na masaa, tangawizi na vitunguu vinaunguzwa kwanza motoni, halafu mdalasini, karafuu na iliki nyeusi. Yani unainama kwenye bakuli unanusa pilau la Idd waziwazi, unatafuta wali huuoni. Huo ni uonevu.

Wali nikauagiza pekee yake basi, com tam, na kitimoto ya kuchoma na yai la kukaanga juu. Huu ulikuja umeiva, nashukuru. Sasa tazama ndani ya sahani: chenga! Zile zile bibi akipepeta mchele anawamwagia kuku. Na huko kwao ndo ilikuwa hivyo hivyo, wali wa wasiojiweza, mchele mzima unaenda sokoni. Leo mi nakatwa dola kumi na kitu kwa chenga. Na kinachoniuma ni mtamu, unamwagia ile sosi yao ya dagaa waliovundikwa na chumvi miezi kadhaa, wanaizimua na ndimu na sukari, usiipeleke puani we peleka mdomoni tu. Nikakosa la kulaumu nikaanza kulaumu kiyoyozi.

Kahawa ndo ikanimaliza. Unaletewa kikopo cha bati chenye matundu kimekalishwa juu ya glasi, chini kuna maziwa mazito ya kopo, kinadondosha tone... unasubiri... tone. Mi alfajiri nina shifti! Ikiisha kudondoka koroga mwenyewe, mimina kwenye barafu mwenyewe.

Bili nayo hailetwi, unanyanyuka unaifuata kaunta. Kule nageuziwa kitableti kinauliza bakshishi, asilimia 18, 20 au 25. Ya nani? Nyama nimeivisha mimi, majani nimechambua mimi, kahawa nimeilinda mimi mpaka tone la mwisho. Namuuliza shem hapa hakuna sehemu ya kujiandikia hiyo bakshishi mwenyewe? Shem hata hajanijibu, kanyoosha kidole kabonyeza 20, kwa kadi yangu.