Hakimu hajampendelea mtu

Naona wengi hapa mnamshambulia hakimu, eti kwa nini mshtakiwa wa mauaji "hakutakiwa kujibu chochote", kama habari inavyosema. Jamani, huo si upendeleo. Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, mahakama ya chini humaliza yenyewe makosa madogo: mtu anakiri asubuhi, mchana keshalipa faini. Mauaji hayamo katika mamlaka yake. Shitaka husomwa, mtu hurudishwa mahabusu, jalada husubiri kupelekwa mahakama ya juu. Hata angesema "si kweli" mara kumi, hakimu hana pa kuliandika jibu hilo. Kinachoniudhi mimi ni ule wimbo wa "upelelezi haujakamilika" kila kesi inapotajwa, miezi nenda miezi rudi.