Mafunzo ya usonji yaanze na mwalimu mkuu

Wiki iliyopita dada yangu alipigiwa simu ya tatu ndani ya mwezi mmoja: njoo umchukue mwanao, ametushinda. Akaacha kazi, akakimbia. Alimkuta mtoto amejikunyata chini ya meza ya ofisi, viganja vimeziba masikio, na mwalimu mkuu akamwambia mbele ya wazazi wengine kwamba nidhamu huanzia nyumbani.

Dada hakujibu kitu. Mimi mjomba mtu nimeshindwa kunyamaza.

Mtoto yule ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtu anavyohisi na kuwasiliana, na barua ya daktari imo kwenye faili lake tangu siku alipoandikishwa. Siku ile madarasa mawili yaliunganishwa ghafla, ratiba ikapinduliwa bila mtu kumwambia, kisha kengele ikalia juu ya kelele zote zile. Sauti ambayo wewe na mimi tunaizoea, yeye inamuumiza. Alikimbilia mahali pekee alipoona pana utulivu. Hapo nidhamu inaingiaje?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mwalimu wake wa darasa alikuwa anajua la kufanya. Alipelekwa kwenye mafunzo, akarudi na daftari limejaa: ratiba ya picha, kumwandaa mtoto kabla ya badiliko lolote, kumtengea kona tulivu. Akaomba kona, akaambiwa nafasi hakuna. Akaomba mtoto atoke dakika tano kabla ya kengele, akaambiwa sheria ni moja kwa wote. Muhula uliofuata akahamishiwa darasa jingine, na mwalimu aliyempokea mtoto hakuwahi hata kulisikia hilo daftari.

Ndiyo maana nasema tumekuwa tukimfundisha mtu asiye na ufunguo. Kengele ni ya mwalimu mkuu. Ratiba ni yake. Yeye ndiye anayepanga nani afundishe wapi, chumba kipi kitumikeje, na mzazi gani aitwe kwa sababu gani. Walimu wengine humtazama yeye kujua kama mtoto huyu ni mwanafunzi wao au ni mzigo uliowaangukia. Akisema "huyu wetu", hata mlinzi wa getini atajifunza jina lake. Hili si wazo langu jipya. Azimio la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92, liliwataja wakuu wa shule kuwa na wajibu wa pekee katika kujenga mtazamo mwema shuleni kote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unataka wafanyakazi wa ngazi zote za elimu wafundishwe. Ngazi zote, na maafisa wanaomkagua mkuu wakiwemo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wakuu wamelemewa: madarasa yamefurika, ripoti haziishi. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Katika shule ya wanafunzi 500, hao ni watoto wanne hivi. Wamo tayari, wengine hawajatambuliwa na wanaadhibiwa kila siku.

Na mafunzo yenyewe yaanze na namna ya kukaa na mzazi. Daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Leo Kanner alipoeleza hali ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, aliandika pia kuhusu ubaridi wa wazazi wao, na kwa miaka mingi kina mama wakabebeshwa lawama kwamba wao ndio chanzo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, aliipangua hoja hiyo mwaka 1964. Iweje leo dada yangu asimamishwe mlangoni aambiwe yale yale? Mkuu akae na mama nusu saa kabla muhula haujaanza, aulize: nini humtuliza, nini humtisha, akizidiwa anaonyeshaje? Mama anayo majibu ambayo hakuna semina itakayoyatoa. Ampigie simu pia siku mtoto alipofurahi. Dada anaogopa simu yake mwenyewe sasa. Ikiita saa nne asubuhi mikono inamtetemeka.

Waalikwe pia watu wazima wenye usonji wawasimulie wakuu shule waliipitaje. Na semina ya siku moja haitoshi.

Jumatatu dada anamrudisha mtoto. Ameandika karatasi ya mambo matatu ya kumwomba mwalimu mkuu, ameifuta na kuiandika upya mara kadhaa ili isisomeke kama lawama. La kwanza: ratiba ikibadilika, tafadhali mwambieni asubuhi.